Juu ya Kuandika Habari za Maisha ya Wazee

Katika lugha yetu ipo silabi moja ndogo ambayo wanafunzi hujifunza mapema na walimu huipita upesi, nayo ni hu-. Makala haya yataizungumza sana silabi hiyo, walakini hayakukusudiwa kuwa makala ya sarufi. Nimekusudia kuhakiki namna ambavyo habari za maisha ya wazee huandikwa kwa Kiswahili, hasa zile ambazo wazee huzisimulia mbele ya wenzao ili zipigwe chapa, na kuonyesha kwamba mhariri mwenye nia njema anaweza, kwa kusahihisha lugha tu, kumfanya mzee awe shahidi wa uongo. Nayasema haya bila ya kumnyoshea mtu kidole, kwani kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe.

Yafaa tuanze na vitabu, maana jambo hili si geni katika fasihi yetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akazitoa kwa herufi za Kizungu katika mwaka wa 1902 na 1903, miaka michache kabla ya kifo cha mwenyewe, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Wasomaji wengi wamezijua kwa toleo la W. H. Whiteley, lililotoka pamoja na jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika mwaka wa 1958 na 1959. Habari hizo huanza na kijana wa miaka 12 aliyekwisha kushika safari za biashara, na toka hapo hazipumziki. Kitendo hufuata kitendo kwa -ka-, safari huzaa safari, na frasila za pembe huhesabiwa kwa uangalifu kuliko nafsi za watu waliozichukua. Mwandishi ni mtu wa kutenda, na sarufi yake ni ya mtu wa kutenda. Ni nadra kumsikia akieleza kile ambacho watu walikuwa na desturi ya kukitenda. Aghalabu hueleza alichokitenda yeye, siku ile, mahali pale.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alishika njia nyingine. Katika Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, na katika Baada ya Miaka Hamsini, kilichounganishwa nacho na kupigwa chapa mwaka 1966, mwandishi hasimulii kila lililompata. Huchagua mambo yanayofaa kuwa mafunzo, akayapamba kwa tungo, na pale anapomlilia mkewe Amina huacha nathari akashika shairi. Maisha yake ameyahariri mwenyewe kabla hayajatufikia. Lakini alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa pamoja na jarida la Halmashauri mwaka 1958, ilimpasa kuandika maisha ya mwingine. Kitabu hicho nakistahi sana, na kila mwaka huwasomesha wanafunzi wangu. Hata hivyo, msomaji akisikiliza vema atakiri kwamba sauti isikikayo ndani yake ni ya Shaaban Robert zaidi kuliko ya Siti. Mwimbaji ametukuzwa, na kwa kutukuzwa huko amenyamazishwa kidogo.

Kitabu cha tatu ndicho kilicho karibu zaidi na mada yangu. Nacho ni Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichotungwa kutokana na mazungumzo ambayo Sarah Mirza na Margaret Strobel waliyafanya Mombasa katika miaka ya 1970 pamoja na Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1989, na maneno ya Kiswahili, ambayo ndiyo asili, yakafuata mwaka 1991. Mpango huo wa tafsiri kutangulia asili watosha kutuonyesha ni nani aliyedhaniwa kuwa msomaji wa kwanza. Lakini wahariri hao wanastahili shukrani, kwa sababu kwa toleo la pili walituwezesha kuwasikia wanawake hao katika lugha ya mji wao. Na kitu cha kwanza ambacho sikio hukitambua ni kwamba neno “sisi” si moja katika vinywa vyao. Bi Kaje ni wa koo za waungwana waliokuwa na watumwa. Bi Mishi ni mwenye asili ya watumwa. Wote wawili ni Waislamu wa Mombasa, wote walicheza na kuimba katika mji mmoja, na wote husema “sisi”. Mhariri ambaye angedhani kwamba “sisi” hiyo ni ya Wamvita wote angekuwa amekwisha kupotea kabla ya kutia nukta ya kwanza.

Vitabu hivyo vyote vilitokana na mtu mmoja aliyesema au kuandika, na mmoja au wawili waliomsikiliza. Siku hizi pamezuka namna nyingine, nayo ni kikundi cha wazee wanaokutana ili kusimuliana maisha yao na kuyaandika. Katika nchi za Magharibi jambo hili lina historia yake. Mwaka 1963 tabibu Mmarekani Robert Butler aliandika kwamba mazoea ya wazee ya kurejea mambo ya kale si dalili ya akili kuchakaa, bali ni kazi ya lazima ya kupima maisha kabla ya kuondoka. Baadaye, tangu miaka ya 1970, James Birren alianzisha huko Marekani utaratibu ambao kila mzee huandika kurasa mbili juu ya jambo lililotajwa, kama vile jamaa, kazi, fedha, afya au mauti, kisha huzisoma mbele ya wenzake wachache. Jambo la kwanza katika utaratibu huo ni njia panda za maisha, yaani pale ambapo mtu alishika upande huu akaacha ule.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Uingereza nilipata kuketi katika kikundi cha namna hiyo, nikavutiwa mno na adabu ya wasikilizaji. Niliporudi nyumbani nilifurahi kukuta wazee wa mtaa mmoja katika mkoa wa Tanga wamekwisha kuanza cha kwao pasipo kufundishwa na mtu. Walikutana barazani baada ya sala ya alasiri, wengine na madaftari, wengine na vinywa vyao tu, na mjukuu mmoja aliyesoma ndiye aliyekuwa akiandika. Waliniomba niwaharirie kijitabu, nami nikakubali kwa moyo mkunjufu.

Hapa yanipasa kumkumbusha msomaji mahali penyewe palivyo. Mkonge uliletwa katika nchi hii na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea katika mkoa wa Tanga hata ukawa ndio maisha ya mkoa. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na manamba, watu walioandikwa kwa mkataba katika mikoa ya mbali na hata katika nchi jirani, wakaletwa kwa makundi, wakakaa makambini, wakala posho, na wakahesabiwa siku zao 30 za kazi kwa kipande. Wengi hawakurudi kwao. Watoto wao ndio wazee wa leo, na Kiswahili ndiyo lugha iliyowakutanisha. Kwa hiyo katika baraza ile alikuwapo mtoto wa mkata mkonge, na mtoto wa fundi wa mtambo, na mtoto wa nyapara, wote wamezeeka pamoja, wakizikana na kuozana.

Bibi mmoja aliyekwisha kuvuka miaka 80 alisimulia habari za kambi alimozaliwa. Mjukuu aliandika kama alivyosikia. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na maneno mafupi ya namna hii: posho ikichelewa hulala na njaa, na asubuhi hwenda kazini vilevile, na asiyekwenda hupigwa. Nilipoyasoma niliona kasoro. Katika shule zetu hufundishwa kwamba hu- ni alama ya mazoea ya sasa, na habari hizi zilikuwa za miaka ya 1950. Tena nani aliyelala na njaa? Sentensi haina mtenda. Basi, kwa kuwa habari ni za maisha ya bibi huyo na yeye ndiye msemaji, nikaandika “nilikuwa nikilala na njaa”, nikageuza na yale yaliyofuata kwa kadiri hiyo, nikaona ukurasa umenyoka. Kijitabu kikapigwa chapa.

Siku ya kukitoa tulikutana barazani, na mjukuu akapewa heshima ya kusoma. Alipofika pale, bibi akainua mkono. Akaniambia, “Mwanangu, mimi sikulala na njaa hata siku moja. Baba yangu alikuwa nyapara.” Nilidhani amesahau alichokisema, nikamjibu kwa upole kwamba maneno hayo ni yake. Akasema hapana, yake yalikuwa mengine. Aliyenitoa katika ujinga wangu ni mzee mmoja aliyeketi mkekani upande wa pili, mtoto wa mkata mkonge wa kambi ileile. Alisema maneno machache tu: “Mwalimu, njaa ile ni yetu sisi.” Kisha akanyamaza, na baraza zima likanyamaza naye.

Tangu siku hiyo nimeyafikiri sana maneno hayo, nami sasa nitajaribu kuyaeleza kwa njia ya taaluma yangu. Hu- si kiambishi cha wakati. Haina sasa wala jana. Wakati wake huutwaa katika habari inayozungumzwa. Na tena, jambo lililo kubwa zaidi hapa, haina nafsi. Vitenzi vyetu karibu vyote havisimami pasipo kumtaja mtenda mwanzoni: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Hu- husimama peke yake. Haikubali kukanushwa, haikubali kufungamana na nafsi yo yote, na mtenda akitakiwa ajulikane hana budi kutajwa kwa jina au kwa neno kama “mimi” na “wao”. Asipotajwa, kinachobaki ni tendo lenyewe kama ada ya mahali.

Kwa hiyo bibi yule hakuwa na kasoro yo yote. Alikuwa akitoa ushahidi wa namna maalum. Aliona njaa, aliijua, aliishi mlango wa pili kutoka kwake, lakini haikuwa yake. Angesema “tulikuwa tukilala na njaa” angejiingiza katika taabu isiyompata, na waliompata nayo walikuwa wakimtazama. Angesema “walikuwa wakilala na njaa” angejitenga na watu aliokua nao, na kuwafanya wageni mbele yao. Lugha ilimpa njia ya tatu, akaishika. Mimi nikamnyang'anya, nikampa “mimi” asiyoiomba. Na papo hapo nikamnyang'anya yule mzee mwingine njaa yake, nikaikabidhi kwa binti wa nyapara. Kwa silabi mbili tatu za usahihi nikawa nimehamisha mateso ya watu kutoka nyumba hadi nyumba.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauwezi kukomea hapo, maana hu- yaweza kusitiri kama iwezavyo kushuhudia. Tulitazame tendo la mwisho katika maneno yale: hupigwa. Hapa nafsi ya aliyepigwa haiko kwa sababu ya hu-, na nafsi ya aliyepiga haiko kwa sababu ya kauli ya kutendwa. Sentensi imefungwa milango yote miwili. Na kila mtu barazani alimjua aliyekuwa na kazi ya kupiga: ni nyapara. Je, bibi alimficha baba yake? Huenda. Je, ilinipasa kumfichua? Mwanafunzi mmoja niliyemsimulia kisa hiki alisema kwamba mwandishi wa historia ana wajibu wa kufungua milango hiyo. Mimi sikubaliani naye. Mwandishi wa historia anaweza kuuliza, na kuandika jina lake chini ya swali lake. Mhariri hana ruhusa ya kujibu kwa kinywa cha mwingine. Tena wale waliokuwa na haki ya kuuliza walikuwa wameketi palepale, nao walichagua kutouliza. Kunyamaza kwao ni sehemu ya habari hiyo, kama ilivyo sehemu yake sentensi iliyofungwa.

Labda itasemwa kwamba nafanya jambo dogo kuwa kubwa, na kwamba kijitabu kikiachwa na lugha ya barazani hakitasomeka Bukoba wala Lindi. Hoja hii siidharau. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu Halmashauri ilipoundwa mwaka 1930 kuusimamia uamuzi huo, tumepata faida ambayo hakuna mwenye akili atakayeikana. Mtoto wa manamba kutoka Kigoma na mtoto wa Digo walisoma kitabu kimoja. Walakini usanifu una tabaka zake. Mzee wa Mombasa akisema ndia na nti, na mhariri akaandika njia na nchi, sauti imepotea, na hasara ipo, lakini ushahidi umebaki: njia ni ileile na nchi ni ileile. Bali akigeuza kitenzi, hajagusa vazi la maneno, ameugusa mwili. Nani alitenda, lini, mara moja au kila siku, kwa kuona au kwa kusikia, yote hayo katika Kiswahili hubebwa na kitenzi. Hapo ndipo kalamu ya mhariri inapopaswa kusita.

Liko na jambo la mpango. Vijitabu vya namna hii nilivyovisoma karibu vyote vimepangwa kwa miaka: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, uzee. Utaratibu wa Birren, unaoanza na njia panda, nao una mpango wake, nao humdhani mzee kuwa msafiri peke yake aliyesimama na kuchagua. Wazee wa baraza lile hawakuanza hivyo. Kila mmoja alianza kwa kueleza baba yake aliletwa na nani na kutoka wapi, kisha akaruka hadi mazishi ya mtu fulani, kisha akarudi kambini, kwa sababu mwenzake amemkumbusha. Wenzake walimkatiza, wakamsahihisha, wakamwambia mwaka ule ulikuwa wa mvua kubwa na si wa nzige. Nilipohariri niliyafuta makatizo hayo yote, nikidhani ni takataka. Sasa naona kwamba ndiyo yaliyokuwa mizani. Msimulizi aliyezungukwa na watu waliokuwapo hawezi kusema lo lote atakalo. Kila sentensi yake imepimwa kabla haijamtoka. Tukiifuta mizani na kuiacha bidhaa, msomaji hawezi tena kujua kama kipimo ni cha haki. Na hapa kikundi kinavipita vitabu vile vitatu nilivyovitaja, maana Tippu Tip hakuwa na mpagazi wake karibu wa kumkatiza.

Kutokana na hayo yote napendekeza kwa wenzangu wanaoshika kazi hii mambo machache. Tahajia na nukta zisahihishwe bila woga. Maneno ya mahali yaachwe, na maana yake ielezwe pembeni. Kitenzi kisiguswe katika nafsi wala katika wakati, hata kama mwalimu wa darasa la saba angekipiga msitari mwekundu, mpaka kimesomwa kwa sauti mbele ya msimulizi na mbele ya wenzake. Makatizo ya wenzake yaandikwe, japo kwa ufupi. Na daftari la kwanza lisitupwe, maana huko ndiko atakakorudi mtu atakayetaka kujua sisi wahariri tulifanya nini.

Huenda msomaji akataka kujua mwisho wa kijitabu kile. Nakala zilikuwa 60, na fedha za kupiga chapa tena hazikuwapo. Wiki iliyofuata nilikwenda barazani na kalamu ya wino mweusi. Bibi akaketi kitini, mzee wa upande wa pili akaketi mkekani, nami nikakata “nilikuwa nikilala” katika nakala moja baada ya nyingine, nikaandika juu yake “hulala”. Kila nilipomaliza moja, mjukuu aliipokea akaisoma kwa sauti, bibi akaitikia, kisha mzee naye akaitikia. Tulifika nakala ya ishirini na kitu jua likachwa, tukamaliza kesho yake. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, na hapana hata mmoja kati yao aliyesema kwamba yatosha.